Kanoni Apolo Kivebulaya, Mtu wa Sala

Mwezi wa Mei ukifika katika bonde letu la Kilombero, viti vya kanisani hubaki wazi. Hakuna aliyekasirika, wala hakuna aliyehama dini. Mpunga umeiva. Familia nzima zimehamia mashambani, zimejenga madungu, zinawafukuza kwelea kwelea tangu alfajiri mpaka jua kuzama, na usiku zinakesha kwa ajili ya nguruwe pori, na karibu na mto kwa ajili ya viboko. Kisha huja kuvuna, kupiga na kupepeta. Wengine hatuwaoni tena Jumapili mpaka mwezi wa Julai, wanaporudi Ifakara na magunia yao.

Katika mwezi huo huo wa Mei, tarehe 30, kalenda ya Kanisa la Uingereza inamkumbuka kasisi mmoja Mwafrika, Apolo Kivebulaya, aliyefariki siku hiyo mwaka wa 1933. Mtu huyu alikaa sehemu kubwa ya maisha yake mahali ambapo askofu alikuwa mbali na Wakristo wenzake walikuwa wachache. Kwa hiyo tumeona vema kuandika habari zake mwezi huu, ili zisomwe hata huko madunguni, kama mtu atakumbuka kulitia gazeti hili katika mzigo wake pamoja na chumvi na kiberiti.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1864 katika nchi ya Buganda, naye alikuwa pacha. Waganda wana majina ya mapacha, kama Wasukuma walivyo na Kulwa na Doto: pacha wa kwanza wa kiume huitwa Waswa na wa pili Kato. Yeye alikuwa Waswa. Dini aliyojifunza katika ujana wake ilikuwa ya Kiislamu, na sisi twafikiri jambo hili halikupotea bure. Huko alifundishwa kwamba siku ya mwanadamu ina saa zilizo za Mungu, na kwamba saa hiyo ikifika mtu huacha alichoshika. Majirani zetu Waislamu hapa mjini wanatukumbusha jambo hilo kila alfajiri, nasi tuseme kweli, mara nyingi adhana yao ilituamsha tukageuka upande wa pili, tukalala tena.

Katika ujana wake pia alimsikia Alexander Mackay, yule fundi Mskoti aliyefika kwa Kabaka Mutesa mwaka wa 1878, na ambaye alifariki mwaka wa 1890 huko Usambiro, kusini ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Maneno ya Mackay yalimwingia, lakini hayakumgeuza siku ile ile. Nchi ilikuwa katika fujo. Kabaka Mwanga aliwaua vijana Wakristo, ambao wengi wao walikufa mwaka wa 1886, na tangu mwaka wa 1888 vikaja vita vya dini. Waswa alipigana vita hivyo, kwanza upande wa Waislamu, baadaye upande wa Wakristo. Alifika Toro mara ya kwanza akiwa askari. Tunalisema hili wazi kwa sababu vitabu vingine vya maisha ya watakatifu huwafanya wawe wapole tangu utotoni. Huyu alikuwa mtu wa mkuki kabla hajawa mtu wa sala.

Desemba ya mwaka wa 1893 kulitokea uamsho mkubwa katika Kanisa la Uganda. Chanzo chake kinafaa kukumbukwa. George Pilkington, mfasiri wa Biblia ya Kiganda, aliona kwamba yeye mwenyewe anafanya kazi nyingi ya Mungu na ndani amekauka. Akaenda peke yake katika kisiwa cha Kome, akakaa huko akisali. Aliporudi alikuwa amebadilika, akaungama hali yake mbele ya watu, na watu wengi nao wakaungama. Baada ya hapo walimu wa Kiganda wakatumwa pande zote, wengi kuliko wakati wowote uliotangulia. Katika wimbi hilo Waswa alibatizwa, mwezi wa Januari 1895. Akachagua jina la Apolo, yule wa Matendo ya Mitume aliyekuwa hodari katika Maandiko.

Wakristo wa Uganda siku zile waliitwa wasomaji. Mtu hakusema kwamba anataka kuwa Mkristo, alisema kwamba anataka kusoma. Agano Jipya la Kiganda lilikuwa limekwisha kupigwa chapa, nalo lilinunuliwa na watu waliotoa kwa ajili yake kila walichokuwa nacho. Kusoma na kusali kulikuwa jambo moja: mtu alisoma sehemu yake asubuhi, akaitafuna, akaisema tena mbele za Mungu kwa maneno yake. Apolo alijifunza hivyo, na hivyo ndivyo alivyoendelea miaka thelathini na minane, mpaka kufa.

Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu alikuwa na koti jekundu la kiaskari alilolivaa juu ya kanzu yake nyeupe. Ni jina la utani tu, nalo likamshika. Hakuoa kamwe. Alikuwa na mchumba, na mchumba huyo akafa, naye hakutafuta mwingine.

Mwaka ule ule wa kubatizwa kwake Kanisa lilimtuma Toro, na mwishoni mwa mwaka wa 1896 akatumwa mbele zaidi, Boga. Tumeitazama ramani. Mtu anayetoka Toro huuacha mlima Ruwenzori upande wa kusini, hushuka katika uwanda wenye joto, huvuka mto Semliki, kisha hupanda ukuta mrefu wa milima upande wa magharibi. Juu yake ndiko Boga, na nyuma ya Boga unaanza msitu mkuu wa Ituri, ambao haukomi kwa mamia ya kilomita. Mtu wa kwetu anaweza kuelewa kidogo akisimama ukingoni mwa Kilombero wakati wa masika na kuitazama Udzungwa. Sisi siku hizi tuna daraja. Yeye alivuka na koti lake na kitabu chake.

Walimu wawili wa Kiganda walikuwa wametangulia Boga, nao waliondoka kwa sababu ya njaa. Mtawala wa mahali pale, jina lake Tabaro, hakuwafukuza kwa silaha. Aliwakataza watu wasiwape chakula, na hilo lilitosha. Apolo alipofika, akafanyiwa vivyo hivyo. Alichofanya ni kushika jembe. Alilima chakula chake mwenyewe, akajenga nyumba ya kusomea, akafundisha wale waliothubutu kuja. Basi Tabaro akaona kwamba njaa haitamtoa mtu huyu. Mafundisho yake juu ya ulevi, wake wengi na hirizi yalimuudhi, na Apolo alipigwa sana.

Kisha likatokea jambo baya. Mkuki wa Apolo ulikuwa umeachwa katika nyasi, na dada yake Tabaro akajikwaa, akauangukia, akafa. Haikuwa hila ya mtu, ilikuwa ajali; lakini mkuki ulikuwa wa mwalimu, na mwalimu alikuwa na adui. Tabaro akamshtaki kwa Waingereza kwamba ameua. Apolo akafungwa, akapelekwa kule ng'ambo katika boma la Toro, akatiwa gerezani.

Hapa yatupasa kusimama kidogo. Tufikirie hali yake. Alikuwa Mkristo wa miaka mitatu tu. Ameshtakiwa kwa damu. Mwanamke amekufa kweli, na mkuki ni wake, na hata kama hakimu atamwachilia, moyo wake mwenyewe hautamwachilia upesi. Katika makanisa ya Uganda ngoma ilipigwa asubuhi kuwaita watu kusali. Gerezani hakuna ngoma ya namna hiyo, wala hakuna kundi la kuimba nalo, wala mzee wa kanisa wa kumwuliza mtu kwa nini hakuonekana jana. Sala aliyokuwa nayo Apolo humo ndani ni ile aliyoingia nayo.

Baadaye alisimulia kwamba humo kifungoni, mwaka wa 1898, alimwona Bwana Yesu katika maono, aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumhakikishia kwamba yu pamoja naye. Alisema pia kwamba tangu mwaka ule mahubiri yake yalipokewa kwa njia nyingine, watu wakatubu upesi. Sisi si wepesi wa kuandika habari za maono. Tumeona watu wengi wakiyatafuta, na wengine wakiyauza. Lakini Apolo hakuyatafuta, wala hakuyafanyia biashara. Aliachiliwa, naye akafanya jambo ambalo kwetu sisi ni gumu kuliko kuona maono: alirudi Boga kwa Tabaro yule yule. Na Tabaro, alipoona kwamba amerudi, alianza kusikiliza. Mwisho alibatizwa, akaitwa Paulo.

Sasa tuseme habari yetu wenyewe, kwa sababu bila hiyo msomaji hatajua kwa nini tumemchagua mtu huyu.

Sisi tunaoandika haya tulifundisha katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi. Kila asubuhi kengele ililia, wanachuo wa dini yetu wakakusanyika katika darasa moja, nasi tukaongoza sala fupi. Jioni vivyo hivyo. Tulikijua Kitabu cha Sala kama mwalimu wa hesabu anavyoijua jedwali la kuzidisha. Watu walituita mtu wa sala, nasi hatukuwakanusha. Kisha tukastaafu, tukarudi Ifakara. Juma la kwanza tulisali. La pili tulisali siku kadhaa. Kabla mwezi haujaisha tulikuwa tumeacha, wala hatukuamua kuacha. Ilikuwa kama saa ya ukutani iliyokosa kuvutwa. Hapo tukafahamu kwamba miaka yote ile aliyekuwa akisali ni kengele.

Jumapili tulikwenda kanisani, tukaitikia kwa sauti, hakuna aliyejua. Mwaka uliofuata tukalima mpunga kama watu wengine, na wakati wa kulinda tukahamia dunguni. Usiku mmoja mama wa shamba la jirani alikuja na mtoto wake mwenye homa kali. Mume wake alikuwa amekwenda mjini. Hakuja kutafuta dawa, maana alijua hatuna. Alituamkia, akatuita Mwalimu, akaomba tumwombee mtoto mpaka kutakapopambazuka apate baiskeli ya kumpeleka hospitali. Sisi tulikuwa hatuna Kitabu cha Sala. Taa ilikuwa karibu kuzimika, na miwani tuliiacha nyumbani. Tukafumba macho, na ndani hamkuwa na kitu. Hatukuwa na zaburi wala neno, na hata mwanzo wa sala haukutujia. Tukasema Baba Yetu, tukanyamaza. Mama alingoja. Alidhani tunaanza. Baadaye kidogo aliitikia Amina kwa upole, akamfunika mtoto, akakaa akimwimbia mpaka alfajiri.

Mtoto alipelekwa mjini akatibiwa, akapona. Mama yule tunaonana naye sokoni mpaka leo, na hutusalimu kwa heshima. Hatujapata kumweleza.

Katika miezi iliyofuata ndipo tulipokutana tena na habari za Apolo. Tulizijua tangu zamani kwa juu juu, kama mwalimu ajuavyo mambo ya kujibia mtihani: koti jekundu, Mbilikimo, mwaka wa kufa. Tulipozisoma safari hii kilichotushika hakikuwa maono. Tulishikwa na jembe. Mtu huyu hakungoja apewe chakula ndipo afundishe, na kwa sala pia ilikuwa hivyo. Alilima yake.

Tukaanza kulima, na mtu aliyekwisha kulima anajua kwamba mwaka wa kwanza shamba ni magugu matupu. Saa tuliyochagua ni kabla ya moto kuwashwa, kwa maana moto ukiwashwa watu huja. Hapo mahali petu ni chini ya mwembe, na mashambani ni upande wa dungu unaotazama milima. Tukaona kwamba mahali pana nguvu yake: mwili ukifika pale unakumbuka hata kama moyo umesahau. Kitabu cha Sala cha zamani kimezigawa Zaburi 150 kwa siku thelathini, asubuhi na jioni, hivi kwamba siku ya kwanza asubuhi unasoma Zaburi ya 1 mpaka ya 5, na jioni ya 6 mpaka ya 8. Tulifuata hivyo. Mpango huo ni mzuri lakini si mwepesi. Jioni ya tarehe 15 inakuja Zaburi ya 78, yenye mistari 72, na tumesinzia katikati yake zaidi ya mara moja, Waisraeli wakiwa bado jangwani. Mtu anayeanza asianze na hiyo. Zaburi moja asubuhi inatosha, ilimradi aisome kesho tena na kesho kutwa.

Kwa watu wa kuombea tulichukua daftari la zamani la mahudhurio. Tukaandika majina kama ya wanafunzi, na kila asubuhi tunaita. Wengine wameondoka duniani na hatukuwafuta. Na kwa sababu ya usiku ule dunguni, tukajifunza tena kukariri, jambo tulilowalazimisha watoto wa watu miaka yote. Tulianza na Zaburi ya 23, kisha ya 121, kisha ya 130. Akili ya mtu mzima ni kama ghala lenye panya: unaweka gunia leo, kesho unakuta nusu. Lakini nusu yake hubaki. Malaria imetuangusha mara mbili tukapoteza majuma mazima, na baada ya kila ugonjwa kuanza tena kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu ya haya. Mtu huona haya kurudi mbele za Mungu baada ya majuma matatu ya kunyamaza, kama mdaiwa anayezunguka duka kwa njia ya nyuma.

Turudi kwa Apolo. Mwaka wa 1900 alifanywa shemasi, na mwaka wa 1903 kasisi. Alitumika miaka mingi Toro, akisimamia makanisa na walimu wao. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakipima mipaka, na mwisho Boga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza alirudi kwa watu wake wa Boga, na huko ndiko alikokaa mpaka mwisho. Baadaye alifanywa kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, naye cheo hicho hakikumhamisha. Nyumba yake Boga ilijaa vijana na mayatima, maana mtu asiyekuwa na watoto wake alikuwa na nafasi ya watoto wa wenzake. Aliandika habari za siku zake kwa Kiganda katika daftari, kwa ufupi, safari na majina ya watu na ubatizo, kama mkulima anavyoandika mifuko.

Mwaka wa 1921 alikuwa na umri wa miaka 57 hivi, umri ambao watu wengi huanza kuuliza habari za pensheni. Mwaka huo alisimulia kwamba Kristo alimtokea kwa mara nyingine. Safari hii hapakuwa na mng'ao wa jua. Alikuja kama mtu, akasimama karibu naye, kama ndugu asimamavyo na ndugu, akamwagiza aende kuhubiri msituni, kwa sababu yeye yu pamoja naye. Tumeyafikiri sana maono haya mawili. La kwanza alipewa kijana aliyefungwa, nalo lilikuwa la utukufu wa kutia hofu. La pili alipewa mzee mwenye miaka ishirini na sita ya kusali kila siku, na aliyemtokea alifanana na mtu wa nyumbani.

Msituni waliishi Wambuti, ambao wengi huwaita Mbilikimo. Watu wa vijijini waliwadharau, na wengine waliwahesabu kama wanyama. Wambuti siku zile walikuwa wawindaji. Hawakulima, wala hawakukaa mahali pamoja. Walijenga vibanda vya majani, na windo lilipohama nao walihama. Hebu mwalimu wa katekisimu afikirie kazi hiyo. Huwezi kujenga kanisa, kwa maana utakapolimaliza watu wako wamekwenda. Huwezi kupiga ngoma, kwa maana hujui wako wapi. Apolo aliwafuata kwa miguu katika njia zao, akala walichokula, akajifunza lugha yao, akaifasiri Injili ya Marko katika lugha hiyo. Aliwafundisha kusali mahali popote kambi ilipo. Wambuti wa kwanza walibatizwa mwaka wa 1932, yaani mwaka mmoja tu kabla ya kifo chake, baada ya miaka kumi na zaidi ya kwenda na kurudi.

Miaka kumi na zaidi si maneno machache. Mwalimu akifundisha darasa moja kwa muda huo na asione hata mmoja akifaulu, wakaguzi watamwandikia barua. Apolo alikuwa akifanya kazi hiyo pamoja na kulitunza Kanisa lote la Boga na vijiji vyake, na mwili wake ulikuwa umechoka. Albert Lloyd, mmishonari wa Kiingereza aliyemfahamu siku nyingi na kuandika vitabu juu yake, alimheshimu sana. Apolo hakutuachia kitabu cha kufundisha watu namna ya kusali. Twamjua kwa njia alizopita na kwa watu alioacha nyuma yake, nao walikuwa wakisali.

Wapo wanaosema kwamba mtu wa namna hii ni wa pekee, na kwamba mama wa watoto sita aliyeamka saa kumi usiku kupika uji na kufukuza ndege hana nafasi ya mambo hayo. Tumelisikia neno hili katika mtaa wetu, tena kutoka kwa watu wazuri. Sisi hatuna mamlaka ya kumpangia mama huyo saa zake. Twajua tu kwamba usiku ule dunguni yeye ndiye aliyesali. Aliimba karibu na sikio la mtoto, polepole, na sisi tulidhani anambembeleza alale. Baadaye tukatambua kwamba yalikuwa maneno ya nyimbo za kanisani, moja baada ya nyingine, tangu usiku wa manane mpaka majogoo. Hakuwa na kitabu wala taa. Ni nani aliyemfundisha, na aliyajifunza lini, hatukumwuliza, kwa sababu ya haya ile ile.

Mwaka wa 1933 Apolo aliugua. Alikuwa Uganda wakati ugonjwa ulipozidi, naye akataka arudishwe Boga afie kati ya watu wake. Akarudishwa, akafariki tarehe 30 Mei. Miaka thelathini na tisa baadaye, mwaka wa 1972, Boga ikawa makao ya dayosisi ya kwanza ya Kianglikana katika nchi ya Kongo, iliyoitwa Zaire siku zile, na kutoka hapo zikazaliwa nyingine.

Juu ya maziko yake alikuwa ameacha agizo. Desturi ya Wakristo wa kule ilikuwa kumlaza maiti kuelekea mashariki. Apolo aliomba alazwe kuelekea magharibi, upande wa msitu, ambako bado kulikuwa na kambi ambazo hakuzifikia. Wakamlaza hivyo.